Shukrani na Shaka: Mzazi na Shule ya Msingi ya Serikali

Kila Januari shule za msingi za serikali Tanzania Bara hupokea watoto wapya wa awali na wa darasa la kwanza, na mzazi anayemshika mtoto mkono hadi getini huwa na mambo mawili moyoni yasiyopatana. Anashukuru kwamba mtoto amepata shule, kwamba shule yenyewe iko mtaani, kwamba hakuna ada, na kwamba mwalimu atakayempokea amesomea ualimu. Papo hapo ana shaka, kwa sababu darasa limefurika, dawati la watatu linakaliwa na wanne au watano, na jirani mwenye mtoto wa umri huohuo yuko kituoni akisubiri basi la njano la shule ya binafsi. Hisia hizo haziji kwa zamu. Hukaa pamoja mwaka baada ya mwaka, na siku moja inaweza kuzibeba zote: mchana mzazi anafurahi kumsikia mtoto akisoma maandishi ya ukutani dukani, jioni anafungua daftari na kukuta kazi ya wiki nzima haijasahihishwa.

Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wa shule za msingi nchini wanasoma shule za serikali, kwa hiyo moyo huu uliogawanyika ni wa wazazi walio wengi. Mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni udhaifu wao: ama mzazi hana pesa akajiridhisha na alichopata, ama ana tamaa ya kuwaiga wenye nacho. Shule yenyewe ikitazamwa kwa makini, huonekana kwamba shukrani na shaka zote mbili zina msingi wa kweli. Tatizo liko katika mahali zinapoelekezwa. Mzazi hushukuru kwa kidogo kuliko kile anachopewa hasa, na hutilia shaka mambo ya nje huku jambo lenye uzito zaidi likipita bila kuulizwa.

Shule ya serikali ina heshima yake ya kihistoria, na heshima hiyo bado inafanya kazi ndani ya mioyo ya watu hata wasipoitaja. Mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ya msingi iwe elimu kamili ya mwananchi badala ya kuwa chujio la wachache wanaoelekea sekondari. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma likaagiza watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe darasani kufikia mwaka 1977. Madarasa yalijengwa kwa matofali ya udongo na nguvu za wanakijiji, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini. Hao ndio waliojulikana kama walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 karibu kila mtoto alikuwa ameandikishwa shule, jambo ambalo nchi nyingi tajiri kuliko Tanzania hazikuwa zimelifikia.

Kisha uchumi ukayumba. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha nyingi, mafuta yamepanda bei, na katika miaka ya 1980 vitabu na chaki vikaadimika. Wazazi walianza tena kuchangia gharama, kwanza kidogo kidogo, baadaye kama sharti la mtoto kupokelewa. Kufikia mwaka 2000 watoto wengi wa umri wa shule walikuwa nyumbani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ndio uliogeuza mambo: ada ikafutwa tena, na shule zikapokea wimbi la watoto, wakiwemo wa miaka kumi na zaidi waliokuwa hawajawahi kukaa darasani. Mwaka 2016 wimbi kama hilo lilirudi baada ya Serikali ya Awamu ya Tano kutangaza elimu bila ada kutoka awali hadi kidato cha nne.

Mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza leo, kama alizaliwa katikati ya miaka ya 1990, aliingia shule wimbi la MMEM likiwa kali. Anakumbuka kukaa chini, kubeba tofali au kidumu cha maji, kufagia uwanja kwa chelewa kabla ya kengele, na mwalimu mmoja aliyejua majina ya wote. Anakumbuka pia wenzake waliomaliza darasa la saba bila kusoma sawasawa. Kumbukumbu hizo mbili huingia naye getini. Akiwa amefanikiwa kidogo maishani, huona kwamba shule ile ndiyo iliyomtoa, na kwamba kumnyima mwanawe shule hiyohiyo ni kama kuikana. Lakini huona vilevile kwamba alitoka kwa bahati, na hakuna mzazi anayependa kumwachia mwanawe bahati.

Kinachostahili kushukuriwa zaidi ni jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu kabisa: mtoto anafundishwa kusoma kwa lugha anayoisikia. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma kwa sauti neno ambalo hajawahi kuliona. Yanabaki machache ya kuyazoea, kama ng’ na ng, ch na sh, dh na th, na silabi za mb na nd. Darasa lenye mwalimu anayejua kazi yake linaweza kumfikisha mtoto kwenye sentensi fupi ndani ya mwaka mmoja. Mtoto wa rika lake anayeanza kwa Kiingereza hukabiliana na lugha ambayo herufi moja ina sauti nyingi na sauti moja ina tahajia nyingi, tena kwa maneno ambayo hayasikii sokoni, nyumbani wala msikitini au kanisani. Mara nyingi hukariri. Anaweza kutamka kwa ufasaha salamu na majina ya rangi, wazazi wakapiga makofi, ilhali kusoma kwenyewe bado hajaanza.

Mtaala wa mwaka 2015 ulitambua uzito wa kusoma kwa Kiswahili ulipoondoa masomo mengi katika darasa la kwanza na la pili na kuacha uzito kwenye stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, zile KKK. Hatua hiyo ilitokana na aibu halisi. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010 kwa kuwapima watoto majumbani mwao, zilionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya ngazi ya darasa la pili. Lugha ilikuwa rahisi, shule ilikuwepo, na bado watoto hawakusoma.

Hapa pia inafaa kusema kwamba Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa kila mtoto. Katika vijiji vya Usukumani, kwa wafugaji wa Kimasai na kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, mtoto wa miaka mitano anaweza kufika shuleni akiwa na maneno machache tu ya Kiswahili. Kwake darasa la awali ndilo linaloamua mengi. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ilitaka kila shule ya msingi iwe na darasa la awali, na ile ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, lakini mahali pengi darasa hilo ndilo linalopewa chumba kibovu kuliko vyote na mwalimu wa kujitolea.

Shaka ya kwanza ya mzazi, ile inayomshika siku ya kuandikisha, ni idadi. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na mmoja kwa watoto 25 katika awali. Pembezoni mwa Dar es Salaam, katika maeneo kama Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto ambako watu wamehamia kwa kasi kuliko majengo yanavyojengwa, darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya 100 si habari ya kushangaza. Baadhi ya shule hugawa wanafunzi kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Hali hiyo humlazimu mama mwenye kibanda cha mboga au baba wa bodaboda kutafuta mtu wa kukaa na mtoto nusu ya siku.

Athari ya idadi haionekani sana katika msongamano wenyewe. Watoto hukaa kwa kubanana, wakazoea, wakacheza. Athari iko kwenye daftari. Mwalimu mwenye watoto 100 akitumia dakika moja tu kwa kila daftari, anahitaji saa moja na dakika 40 kusahihisha zoezi moja la somo moja, na kipindi ni cha dakika 30. Kwa hiyo huchagua. Husahihisha madaftari ya waliomaliza mapema, ambao mara nyingi ndio wanaojua, au huandika majibu ubaoni na kuwaambia watoto wasahihishe wenyewe. Mtoto aliyegeuza b ikawa d huendelea kuigeuza kwa miezi, kwa sababu hakuna jicho lililoliona kosa lake. Anayekaa nyuma hujifunza kunakili maumbo ya herufi bila kuyasoma, na daftari lake huonekana safi. Mzazi asiyejua hufurahia usafi huo.

Ndiyo maana daftari safi lenye kazi nyingi zilizonakiliwa lisichukuliwe kuwa ushahidi wa kujifunza. Kipimo rahisi zaidi kiko mikononi mwa mzazi yeyote anayejua kusoma: sentensi tatu mpya, zisizotoka katika kitabu cha mtoto, zinazoandikwa kwenye karatasi na kusomwa na mtoto. Kufikia mwisho wa darasa la kwanza mtoto aliyefundishwa vizuri atazisoma, pengine kwa kusitasita. Asipoweza hata mwisho wa darasa la pili, kuna jambo la kuzungumza na mwalimu wa darasa, na kusubiri darasa la nne ni kuchelewa. Mwishoni mwa darasa la nne Baraza la Mitihani hufanya upimaji wa kitaifa, na anayeshindwa hurudia darasa.

Serikali imejenga sana katika miaka ya karibuni. Fedha za mpango wa BOOST, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, zimeleta shule mpya za msingi, madarasa ya mfano ya awali na kupandishwa hadhi kwa shule shikizi, zile zilizoanzishwa na wanavijiji ili watoto wadogo wasitembee kilomita nyingi. Jengo jipya lenye vigae na kuta za rangi hubadilisha moyo wa mzazi mara moja, na ana haki ya kufurahi. Matundu ya vyoo peke yake yanatosha kuwa sababu: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na binti mdogo anayejizuia kutwa nzima kwa kuogopa choo hawezi kusikiliza hesabu. Hata hivyo, madarasa mawili badala ya moja yanahitaji walimu wawili, na hapo ndipo ujenzi umekuwa ukienda mbele kuliko ajira.

Kuwepo kwa mwalimu shuleni nako hakutoshi. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya walimu hawapo darasani wakati wa kipindi chao, ingawa wengi wa hao walikuwa ndani ya eneo la shule. Sababu ni nyingi na si zote za uvivu: ripoti za kujaza, vikao, shughuli za kata, uchovu wa darasa lisilosikilizana. Jaribio lililoitwa KiuFunza, lililofanywa na shirika la Twaweza katika shule 350 mwaka 2013 na 2014, lilitoa jibu la kusumbua. Shule zilizopelekewa fedha ya ruzuku moja kwa moja hazikuonyesha nyongeza ya kujifunza. Zilizopelekewa fedha hiyo pamoja na ahadi ya malipo kwa mwalimu kwa kila mtoto atakayemudu kusoma na kuhesabu ndizo zilizopanda. Vitabu na chaki ni vya lazima, lakini vinahitaji mwalimu mwenye sababu ya kumfikia yule wa dawati la nyuma.

Suala la fedha linauma kwa namna yake. Elimu ni bila ada, na hilo ni jambo kubwa ambalo halipaswi kudharauliwa: limewaingiza darasani watoto ambao mwaka 2000 wangebaki wakichunga au kuuza karanga. Ila gharama hazijaisha. Mzazi hununua sare, sweta, viatu vyeusi, begi, madaftari na penseli. Mjini kuna nauli, na nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni Sh 200, ndogo kiasi kwamba kondakta huona kila mwanafunzi kama kiti kilichopotea. Watoto wa darasa la kwanza husukumwa mlangoni alfajiri na kuachwa kituoni. Kuna uji wa saa nne, mshahara wa mlinzi, karatasi za mitihani ya majaribio, na mahali pengi tuisheni ya jioni inayofundishwa na mwalimu yuleyule wa asubuhi. Hiyo ya mwisho inastahili kukemewa waziwazi, kwa sababu inampa mwalimu faida pale asubuhi inapokuwa dhaifu.

Kwa nini shule iombe wakati Serikali inaleta ruzuku? Ruzuku iliyopangwa tangu wakati wa MMEM ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 kiwango kilikuwa kilekile, wakati bei ya rimu moja ya karatasi ilikuwa imepanda mara kadhaa. Sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni kinatakiwa kutosha chaki, ukarabati, mitihani na michezo ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Mwalimu mkuu mwenye jengo linalovuja hana njia nyingi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango yote ya lazima shuleni, na anayetaka kuchangia kwa hiari akaelekezwa kupeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri badala ya mwalimu. Wazazi walishangilia. Baada ya muda mfupi, katika shule nyingi uji ulikoma, mlinzi akaacha kazi, na wazazi walewale wakaanza kukutana upya kujadili mchango. Mzazi wa kipato cha chini huchukia mchango na kuuhitaji kwa wakati mmoja. Chuki yake inapungua sana pale anapoona kwa macho yake sufuria ya uji, na inaongezeka pale mtoto wake anaporudishwa nyumbani kwa sababu hajalipa, kitendo ambacho miongozo ya elimu bila malipo inakikataza.

Fimbo ni jambo ambalo wazazi wengi hulizungumza kwa sauti ya chini. Kanuni za adhabu ya viboko, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Hakuna mahali kanuni hizo zinaporuhusu mtoto wa miaka sita kuchapwa na mwalimu yeyote kwa kukosea hesabu au kuchelewa kwa sababu daladala ilimwacha. Yanayotendeka ni tofauti, na kila mzazi anajua. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ilijadili. Lakini mjadala huo uliwagawa hata wazazi. Wapo wanaosema walichapwa na ndiyo maana walisoma. Wapo wanaomuona mtoto wao akianza kuumwa tumbo kila Jumatatu, wakajua tumbo halina kosa. Mtoto mdogo hujifunza kusoma kwa kujaribu na kukosea mara nyingi. Akichapwa kwa kukosea, huacha kujaribu, na asiyejaribu hasomi. Mwalimu aliye na watoto 100 na fimbo mkononi anapata ukimya, na ukimya huo mzazi apitaye dirishani anaweza kuuita nidhamu.

Juu ya yote haya imekaa hofu ya lugha, ambayo kwa wazazi wa mjini ndiyo inayowakosesha usingizi. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, na sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyefaulu vizuri sana darasa la saba huingia kidato cha kwanza na kukuta Jiografia, Baiolojia na Historia zote katika lugha ambayo ameisoma kama somo moja tu, na mara nyingi kutoka kwa mwalimu ambaye mwenyewe hana nafasi ya kuizungumza. Mwenzake wa “English medium” hucheka kwa urahisi na walimu. Mzazi aliyeona hali hiyo kwa mtoto wa kwanza hufanya lolote ili isimpate wa pili: huuza kiwanja, hukopa kwenye kikoba, huhamia chumba kimoja. Shule hizo hutoza kuanzia laki kadhaa hadi milioni kadhaa kwa mwaka, nje ya basi na chakula. Wakati huohuo shule ya serikali hutaniwa mitaani kwa jina la “Kayumba”, na mtoto wa miaka saba hulisikia jina hilo kutoka kwa watoto wenzake kabla hajajua maana yake.

Hofu hii ni halali, lakini kosa haliko kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Liko kwenye kiungo kati ya msingi na sekondari, na kiungo hicho kimejadiliwa tangu miaka ya 1970 bila uamuzi wa kudumu. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023, lililozinduliwa Dodoma mwaka 2025, limebakiza Kiswahili kwa awali na msingi na Kiingereza kwa sekondari. Somo la Kiingereza nalo limehamishwa huku na huku: mtaala wa 2015 ulilisogeza hadi darasa la tatu, na mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umelirudisha darasa la kwanza. Mzazi mwenye watoto wawili katika shule moja anaweza kuwa ameona taratibu mbili. Kinachomfaa mtoto ni kushika kusoma kwa Kiswahili kwanza, kwa uthabiti, kisha kupata Kiingereza kilichofundishwa na mtu anayekijua. Mtoto asiyesoma lugha yoyote akiwa darasa la tatu hataokolewa na Kiingereza cha mapema.

Kulinganisha shule za serikali na za binafsi kwa matokeo kumewapotosha wengi. Shule nyingi za binafsi huwapima watoto kabla ya kuwapokea, na nyingine huwarudisha au kuwahamisha wanaosuasua kabla ya mtihani wa taifa. Shule ya mtaa hupokea kila aliyefika umri, mwenye njaa na aliyeshiba, mwenye kitabu nyumbani na asiye na taa. Wastani wa shule za aina hizi mbili haupimi kitu kimoja. Mapema mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na kumi za mwisho, na hatua hiyo ilikuwa sahihi, ingawa wafanyabiashara wa elimu wanaendelea kutundika alama zao barabarani.

Zipo pia njia za katikati. Shule chache za serikali zinafundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Upanga, Dar es Salaam, na Arusha School. Wazazi huchangia kwa kiwango cha chini kuliko cha binafsi, na nafasi hugombewa. Familia nyingine humweka mtoto shule ya mtaa hadi ajue kusoma, kisha humhamisha darasa la tatu. Nyingine hufanya kinyume: awali ya binafsi, kisha serikali baada ya pesa kuisha. Uamuzi mgumu kuliko wote ni wa nyumba yenye ada ya mtoto mmoja na watoto watatu. Anayechaguliwa hubeba matumaini ya nyumba nzima, na wasiochaguliwa huelewa mapema kuliko wazazi wanavyodhani.

Wahamapo wenye uwezo, shule hupoteza zaidi ya wanafunzi. Katika miaka ya 1970 mtoto wa katibu kata, wa daktari na wa mkulima walikaa dawati moja, na mzazi mwenye sauti alipolalamika juu ya choo, choo kilijengwa kwa ajili ya wote. Leo wengi wa wanaopanga bajeti ya shule za msingi hawana mtoto ndani yake. Hata walimu wa serikali, wakiweza, hupeleka watoto wao kwingine. Mzigo wa kuuliza umebaki kwa wazazi ambao hawakuzoeshwa kuuliza.

Chombo cha kuulizia kipo. Kila shule ya msingi ina Kamati ya Shule, ambamo wazazi wana wajumbe waliochaguliwa. Kamati hiyo hupitisha mipango ya shule na ni lazima ielezwe ruzuku iliyopokelewa na ilivyotumika. Katika shule nyingi kuna pia Umoja wa Wazazi na Walimu, UWAWA. Mikutano hiyo hujaa pale ajenda ikiwa mchango na huwa mitupu ajenda ikiwa kusoma. Maswali yanayofaa kuulizwa na mzazi wa mtoto mdogo ni machache: watoto wangapi wa darasa la pili hawajui kusoma, nani anafundisha darasa la kwanza na kwa nini amepangwa huko, madaftari husahihishwa mara ngapi kwa wiki, na nani ana ruhusa ya kushika fimbo. Mwalimu mkuu mwenye busara humpanga darasa la kwanza mwalimu wake hodari. Katika shule nyingi hodari hupelekwa darasa la saba kwa sababu ya mtihani, na hapo ndipo wazazi wa watoto wadogo wanapostahili kusimama na kusema.

Mabadiliko yanayokuja yataongeza uzito wa maswali hayo. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, kwa hiyo mtihani wa kumaliza darasa la saba hautakuwa tena mlango unaowafungia nje watoto wasiofikia alama. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao watakaokuwa wanamaliza darasa la saba, na makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Watoto wa kundi hilo la darasa la sita, na wote watakaowafuata, watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa Kiswahili kabla ya kukutana na masomo ya Kiingereza.